Usikiuze Kiti cha Mninga kwa Bei ya Kuni

Mungu anapoifungulia familia mlango wa riziki, aghalabu jambo la kwanza majirani wanaloliona ni gari limesimama mbele ya nyumba likishusha makochi mapya. Tunayaona hayo kila mwaka katika ukanda wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita. Pamba imelipa vizuri, au baba watoto amepata chochote machimboni, au kijana aliyeajiriwa mgodini ametuma fedha za kumshukuru mama yake. Makochi yanaingia sebuleni yakiwa bado na nailoni yake. Na vile viti vya zamani? Vinatolewa uani. Kimoja kinakuwa kiota cha kuku, kingine kinawekewa ndoo ya maji, na baada ya misimu miwili ya mvua miguu yake inaishia jikoni chini ya sufuria ya maharage.

Hatumlaumu mama anayependa sebule yake ipendeze. Lakini mwezi huu tungependa akina mama wenzetu tukae pamoja tujiulize: tunajua tunachokitupa? Katika nyumba nyingi za wazee wetu vipo viti, meza na makabati yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1945 na 1970, kwa mbao ambazo leo hazipatikani kirahisi, na kwa mikono ya mafundi ambao wengi wametangulia mbele ya haki. Madalali wanavijua. Wapo wanaopita nyumba kwa nyumba wakisema, "Mama, hiki si kibovu tu? Nipe nikuondolee takataka, nitakuachia hela ya soda." Wiki inayofuata kiti kile kile kimepigwa msasa na kinauzwa mjini kwa bei ambayo mwenyewe angeisikia angeshika kichwa.

Vilitoka wapi?

Ukanda wetu haukuwa pori lisilo na historia. Reli ya tawi kutoka Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, na pamoja na reli walikuja wafanyabiashara na mafundi. Mafundi seremala wa Kihindi, hasa Makalasinga, walijulikana Afrika Mashariki yote kwa kazi ya mbao, na vijana wengi wa Kiafrika walijifunza randa na patasi katika karakana zao. Wengine walijifunza katika misheni. Hospitali ya Kolandoto, kwa mfano, ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha, na kila kituo cha misheni kilihitaji mabenchi ya kanisa, madawati ya shule na vitanda vya wagonjwa.

Halafu ikaja almasi. Mwaka 1940 Dakta John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, na baada ya vita mahali pale pakageuka mji kamili wenye nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi, ambayo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya arusi. Ilipochongwa ilibaki na uzito wa karati 23.6. Williamson mwenyewe alifariki mwaka 1958. Upande wa Geita, mgodi wa dhahabu wa wakati wa ukoloni ulichimbwa tangu mwaka 1936 hadi 1966, miaka mingi kabla ya mgodi mkubwa wa sasa kuanza uzalishaji mwaka 2000.

Nyumba za migodi, za misheni, za vyama vya ushirika wa pamba na za maofisa wa serikali zote zilihitaji vyombo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na idara yake ya ujenzi, ambayo wazee wetu waliiita PWD, na idara hiyo ndiyo iliyoleta katika nyumba za maofisa vile viti tunavyovifahamu: fremu ya mbao nzito, mikono mipana inayoweza kubeba kikombe cha chai, na mito miwili isiyoshonewa kwenye kiti, mmoja wa kukalia na mmoja wa kuegemea. Baada ya Uhuru mwaka 1961, mafundi wetu waliendelea kuviiga kwa sababu vilikuwa imara na mito yake ilifulika. Mama zetu wakavipamba kwa vitambaa vya kufuma kwa mkono. Ndivyo viti hivyo vilivyopita kutoka nyumba ya bwana shauri hadi nyumba ya mwalimu, ya mchungaji na ya karani wa ushirika.

Ulimwengu ulikuwa ukibadilika

Wakati huo huo, Ulaya na Marekani mtindo wa vyombo vya nyumbani ulikuwa ukibadilika. Vita vilikuwa vimekwisha, nyumba mpya zilikuwa ndogo, na watu walichoka na makabati makubwa yenye nakshi nyingi zinazokusanya vumbi. Walitaka vyombo vyepesi, vilivyonyooka, vyenye miguu myembamba, visivyo na mapambo ya bure.

Huko Marekani walikuwako mume na mke, Charles na Ray Eames, waliofunga ndoa mwaka 1941. Wakati wa vita walibuni namna ya kukunja plaiwudi ili kutengeneza vifaa vya kufungia miguu ya askari waliovunjika. Vita vilipokwisha walitumia ujuzi ule ule kutengeneza viti. Tunawataja kwa sababu kwa muda mrefu sifa nyingi zilimwendea mume peke yake, na ilichukua miaka watu kutambua kwamba kazi ile ilikuwa ya wawili. Wapo akina mama wengi wanaoijua hali hiyo bila kufika Marekani.

Denmaki alikuwako Hans Wegner, fundi seremala tangu ujana wake, aliyetengeneza mwaka 1949 kiti cha mbao cha duara ambacho John Kennedy alikikalia katika mdahalo wa televisheni wa uchaguzi wa urais mwaka 1960. Vyombo vya mafundi hao leo vinatafutwa na kununuliwa kwa fedha nyingi sana.

Nasi hatukuachwa nyuma. Mabadiliko hayo yalifika katika majengo yetu pia. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, ni mtoto wa fikra hizo hizo: umbo linalofuata kazi, bila mapambo ya ziada. Na nyumbani tulipata meza za fomaika zenye miguu ya chuma, makabati ya vyombo yenye milango ya kioo ya kusukuma pembeni, na meza ndogo za redio.

Tuseme kweli, hata hivyo. Kiti cha bibi yako hapo Kolandoto si kiti cha Wegner, na mtu akikuambia kitakununulia gari anakudanganya. Thamani yake haiko katika jina la mtu maarufu. Iko katika mti na katika kazi ya fundi, na ya hayo mawili, mti ndio mgumu zaidi kupatikana tena.

Mti ambao hatuuoni tena

Wazee wetu wanaeleza kwamba sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa na miti. Misitu ilifyekwa makusudi wakati wa ukoloni ili kuwafukuza mbung'o walioua ng'ombe na kuleta malale. Kituo cha utafiti wa mbung'o kilikuwa hapo hapo Shinyanga. Baadaye mashamba ya pamba, mifugo mingi na kuni vikamaliza kilichobaki, hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ili kurudisha miti kwa njia ya jadi ya ngitili. Akina mama waliotembea nusu siku kutafuta kuni hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Mninga, mti unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, hukua polepole mno. Mtu anayeupanda leo hatauvuna yeye, na huenda hata mwanawe hatauvuna. Mvule na mkora ni hivyo hivyo. Leo kukata miti hiyo kunahitaji kibali, na mbao zake bei yake inajulikana kwa kila aliyewahi kwenda kwa fundi kuagiza kitanda. Kwa hiyo kiti cha mninga cha mwaka 1955 ni mti uliokwisha kukatwa, uliokauka vizuri kwa miaka 70, na ambao hautapinda tena kirahisi. Kukichoma kiti hicho ili kuivisha maharage ni hasara mara mbili: umepoteza mbao, na mtu mwingine atakata mti mpya kukutengenezea kingine.

Linganisha na kabati jipya la mbao za vumbi lililobandikwa karatasi yenye sura ya mti. Linang'aa kweli. Lakini maji yakilifikia chini linavimba kama mandazi, na bawaba zake zikichomoka, skrubu hazishiki tena. Hatusemi lisinunuliwe, kwa familia nyingi ndilo linalowezekana. Tunasema tu, usitoe kabati la miaka 60 ili kupokea la miaka mitano, kisha ukadhani umepiga hatua.

Jinsi ya kukitambua chombo cha zamani

Methali yetu inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo kizuri kilichofunikwa rangi ya mafuta mara nne hakiwezi kujiuza chenyewe. Hapana budi ukichunguze. Fanya haya:

Kwanza, kipindue. Sura ya mbele hudanganya, lakini chini ya kiti na nyuma ya kabati fundi hakupaka kitu. Hapo utaona mbao halisi. Mninga una rangi ya kahawia inayoelekea nyekundu, wenye michirizi. Mvule ukiwa mpya una rangi ya manjano, na kadiri miaka inavyopita hugeuka kahawia iliyokolea.

Pili, kinyanyue. Mbao ngumu ina uzito wake. Kama kiti kikubwa ni chepesi kama kikapu, jiulize.

Tatu, tazama maungio. Fundi wa zamani alichonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine, akavikaza kwa gundi na kijiti. Vuta droo nje uangalie pembe zake: zikiwa zimeshikana kwa meno kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana, hiyo ni kazi ya kweli. Zikiwa zimepigiliwa misumari tu, ni kazi ya haraka.

Nne, angalia skrubu. Zile za zamani nyingi zina mfereji mmoja kichwani, si msalaba. Hilo peke yake si ushahidi, maana skrubu hubadilishwa, lakini linasaidia.

Tano, tafuta alama. Vyombo vya mashirika vilipigwa mihuri au namba. Herufi za EAR&H ni za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948. Alama kama hizo hukuambia umri, lakini pia zinakutaka uulize swali muhimu, nalo tunalifikia sasa.

Wapi pa kununua, na maswali ya kuuliza

Ukitaka kununua, sehemu ni nyingi. Serikali, mashirika na migodi huuza vyombo chakavu kwa mnada wa hadhara, na matangazo hubandikwa au kutolewa magazetini. Mgodi ukifungwa watu huhama, na anayehama hafungashi kabati. Buzwagi, pale Kahama, ilimaliza uzalishaji mwaka 2021, na kila mahali pa namna hiyo vyombo hubadili mikono. Makanisa yanapojenga upya huondoa mabenchi ya zamani. Tena wako mafundi wanaonunua viti vibovu ili watoe mbao. Ukiwahi kabla hawajakipasua, utakipata kwa bei nafuu.

Kabla hujatoa fedha, uliza: Kilikuwa cha nani? Anayekuuza ana haki ya kukiuza? Chombo chenye muhuri wa serikali, wa shirika au wa shule kikiuzwa na mtu binafsi, mwombe karatasi ya mnada. Asipokuwa nayo, kiache hata kama moyo umekipenda. Mama Mkristo hawezi kumkaribisha mchungaji kwenye kiti kilichoibwa katika shule ya watoto wa wenzake.

Uliza pia kama anayeuza ni mwanafamilia mmoja anayeuza kwa siri vitu vya marehemu. Zipo nyumba ambazo mjane amerudi kutoka kilioni akakuta kabati lake limeshapanda gari. Ukinunua kitu hicho kwa bei ya kutupa, ujue umenunua na machozi yaliyo ndani yake.

Jambo la mwisho hapa: viti vya kale vya watemi na vigoda vya jadi si vitu vya kufanyiwa biashara ovyo. Utawala wa watemi ulikomeshwa kisheria mwaka 1963, lakini vitu vyao ni kumbukumbu ya taifa, na ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Familia iliyo navyo na isiyoweza kuvitunza inaweza kuzungumza na Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padre David Clement.

Hatari zinazojificha

Si kila cha kale ni salama kwa nyumba yenye watoto. Katika ukanda wetu kuna hatari tatu ambazo mama wa mahali pengine huenda asizifikirie.

Ya kwanza ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake husambaa na kutua kwenye kuta, nguo na mbao. Kochi au meza iliyokaa katika chumba kinachochomewa dhahabu usiilete nyumbani, hasa ukiwa mjamzito au una mtoto anayetambaa. Zebaki huharibu ubongo wa mtoto, na huwezi kuiona wala kuifua ikaisha.

Ya pili ni dawa za pamba. Sanduku au kabati lililowahi kuhifadhia dawa za kupulizia mashambani lisiwekwe nguo wala vyombo vya chakula, hata likioshwa mara kumi. Lifungue ulinuse, likiwa na harufu kali isiyoeleweka, liache.

Ya tatu ni rangi. Rangi nyingi za mafuta za miaka ile zilikuwa na risasi. Ikiwa inabanduka, mtoto atakula vipande vyake. Usiikwangue kavu ndani ya nyumba na kujaza vumbi kila mahali. Mpe fundi aitoe nje, ikiwa imelowanishwa, watoto wakiwa mbali, na takataka zake zisitupwe kwenye bustani ya mboga.

Tena kuna bungua. Ukiona matundu madogo na unga mpya chini yake, wadudu bado wamo. Usikiweke chombo hicho karibu na vingine mpaka fundi akitibu.

Kukitengeneza bila kukiharibu

Wengi wetu tukipata kiti cha zamani tunakimbilia kukipaka vanishi nyeusi ili king'ae. Subiri. Anza kwa kukifuta kwa kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri katika maji yenye sabuni kidogo, ukijaribu kwanza sehemu iliyojificha, kisha kikaushe mara moja. Mara nyingi uchafu ukitoka utakuta mbao nzuri chini yake.

Kikilegea, usipigilie misumari. Msumari hupasua mbao ngumu na kesho kitalegea zaidi. Mwombe fundi afungue ungio, aondoe gundi ya zamani, apake mpya na kulibana usiku kucha. Akipiga msasa, yeye na wewe mjifunge kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la mninga na la mvule huwasha pua na kubana kifua, na mwenye pumu akae mbali kabisa.

Kwa kung'arisha, tunayo nta ya nyuki wa huku kwetu. Iyeyushe katika bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, iondoe mbali kabisa na moto, kisha changanya tapentaini kidogo mpaka iwe laini kama siagi. Paka kidogo, acha, sugua. Ukitumia mafuta ya kitani, kumbuka kwamba vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikikunjwa na kutupwa pembeni vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Vianike nje vikauke.

Mito ni kazi ya akina mama. Sponji mpya, kitambaa kigumu, zipu ya kutolea mto ili ufuliwe, basi kiti kimefufuka. Hesabu gharama zote kabla hujanunua: bei ya kiti, usafiri, fundi, sponji na kitambaa. Kama jumla yake inakula ada ya mtoto, kiti kingoje.

Kiti ni cha nani?

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Mama wa Kisukuma anaweza kufagia, kufuta na kukipaka nta kiti kimoja kwa miaka 30, na siku ya arobaini ya mumewe akaambiwa hicho ni cha ukoo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali yake. Inasema pia kwamba zawadi ambayo mume amempa mkewe, au mke amempa mumewe, wakati wa ndoa huhesabiwa kuwa ni ya aliyepewa, isipokuwa ithibitishwe vingine. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa.

Lakini katika mirathi, mila zilizoandikwa katika tamko la serikali la mwaka 1963 zimewaumiza wajane wengi. Wajane wawili wa mkoa wetu wa Shinyanga, mafundi cherehani, waliondolewa katika nyumba zao na ndugu wa waume zao. Walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kwamba mila hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Hawakuchoka. Jambo lao lilifika Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema haki zao zilikuwa zimevunjwa.

Tujifunze nini? Usingoje msiba. Ukinunua chombo, dai risiti yenye jina lako au majina yenu wawili. Ukikinunua kwa mtu binafsi, andikianeni karatasi, mweke sahihi na shahidi. Piga picha ya chombo, ibaki kwenye simu yako na ya mtu unayemwamini. Weka daftari moja la vitu vya nyumba: nini, lini, kwa fedha za nani, au zawadi ya nani. Na zungumza na baba watoto mkiwa na amani, akiwa mzima, ili aandike wosia. Baadhi ya akina mama wanaogopa kwamba mazungumzo hayo ni uchuro. La hasha. Mume anayempenda mkewe hapendi aje apokonywe hata kiti cha kukalia.

Mwanamke wa Shunemu

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mwanamke wa Shunemu aliyetaka kumkaribisha nabii Elisha. Hakufanya kwa siri. Alizungumza na mumewe, wakakubaliana, wakajenga chumba kidogo juu na kukitia vyombo vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Basi. Hatusikii kwamba vilikuwa vipya au vya gharama. Tunasikia kwamba mtumishi wa Mungu alipumzika hapo, na kutoka katika chumba hicho baraka ikaingia katika nyumba ile.

Wengi wetu tunaishia hapo tukiisoma. Lakini habari zake zinaendelea katika sura ya 8. Njaa ilimlazimisha kuhama nchi miaka saba, na aliporudi nyumba na shamba lake vilikuwa vimekwenda. Hakukaa kimya akidhani kunyamaza ndiko utakatifu. Alikwenda kwa mfalme kudai haki yake, na mfalme akaagiza arudishiwe vyote, pamoja na mazao ya miaka aliyokuwa hayupo.

Mama huyo mmoja alijua mambo yote mawili: kuweka kiti kwa ajili ya mgeni, na kuidai nyumba yake ilipochukuliwa. Nasi tuyajue. Tusivifanye viti kuwa sanamu, kwa maana hata mninga nao mwisho wake ni mavumbi, na sebule nzuri isiyo na upendo ni duka tu la samani. Lakini tusitupe ovyo kile ambacho Mungu alikiotesha kwa miaka mingi na ambacho mama zetu walikitunza kwa jasho.

Jumamosi hii, mama mpendwa, kabla hujawasha moto, toka uani ukipindue kile kiti cha zamani utazame chini yake.